Ukurasa wa Pishi la Saba

Jumatatu ile Gundula Hötzel aliosha chupa ambazo tayari zilikuwa safi. Aliziosha mara mbili kwa maji ya mji na mara tatu kwa maji yaliyochujwa, kama alivyowafundisha wanafunzi wote, akazipanga juu ya rafu, akazitazama, kisha akazishusha akaanza upya. Mtu mwenye amani haoshi chupa safi. Lakini roho yake ilikuwa juu juu tangu asubuhi, na mikono ya mtu mzima ikikosa la kufanya hujitafutia.

Maabara yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, mjini Halle, dirisha lake likitazama reli ya tramu. Gundula alikuwa fundi humo kwa miaka thelathini na mmoja. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi kwenye kiwanda kimoja cha plastiki ambacho sasa hakipo. Mwisho wa wiki ijayo alikuwa anastaafu.

Kazi yake ilikuwa kupika, ila si supu. Alipika polima, yaani minyororo mirefu ambayo shanga zake nyingine zinapenda mafuta na nyingine zinapenda maji. Mnyororo wa namna hiyo ukitiwa kwenye utando wa seli, ambao karibu wote ni mafuta, unakata kiduara kidogo, kama mama anavyokata biskuti kwa mdomo wa glasi. Ndani ya kiduara inatoka protini, bado imekaa katika mafuta iliyozaliwa nayo. Zamani walizitoa kwa sabuni. Sabuni huivua protini nguo zote. Inatoka uchi, na mara nyingi inakufa kabla hujaijua tabia yake.

Protini iliyokuwa ikimkosesha Gundula usingizi haikuwa yake. Ilikuwa ya Jorinde Wackernagel, mwanafunzi wa udaktari wa miaka ishirini na tisa, binti mrefu mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi kuumia. Protini ya Jorinde ni pampu. Inakaa kwenye ngozi ya vijidudu, na kila vikitiliwa dawa, yenyewe inaitapika nje. Ukilijua umbo lake, huenda siku moja utajua namna ya kuiziba. Lakini pampu hiyo haifanyi kazi bila chumvi ya magnesi, na polima za kawaida zikionja magnesi zinagandana kama maziwa yaliyotiwa limau. Basi miaka mitatu wawili hao walitafuta mnyororo ambao shanga zake zimevalishwa kofia, ili magnesi isipate pa kushika.

Mwezi wa Machi walipata. Pishi la saba lilikata viduara, maji yakabaki maangavu, na pampu ikatoka hai. Walikumbatiana siku ile mpaka miwani ya Gundula ikapinda. Lakini lilikuwa pishi dogo, likaisha kwenye majaribio. Wakapika la nane, halikukata. La tisa halikukata. Sasa ilikuwa Oktoba, wako kwenye la kumi na nne, na Ijumaa ya wiki ile ile ilikuwa zamu ya Jorinde kwenye hadubini kubwa ya mji mwingine, zamu aliyoisubiri miezi minane. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Desemba. Bila picha za Ijumaa hapakuwa na udaktari.

Asubuhi ile ya Jumatatu Jorinde alikuwa ameingia na daftari la maabara kifuani, akalifungua juu ya meza.

"Mama Hötzel, nisikilize mara ya mwisho, halafu kama nina kichaa, nipeleke mwenyewe hospitali. Pishi la saba. Tarehe tatu Machi. Nyuzi sitini za joto, masaa manne, kisha asidi ya baridi. Tumefanya nini tofauti?"

"Hatujafanya tofauti, mwanangu."

"Basi ni mimi. Nina gundu."

"Acha maneno ya kijinga."

Lakini ile tarehe ilikuwa imekwisha kumwingia Gundula kama kijiti cha meno kwenye fizi. Tarehe tatu Machi. Siku ya baridi kali. Siku ambayo jirani yake wa bustani alimpigia simu kwamba bomba limepasuka na maji yanaruka mpaka kwenye paa la kibanda chake cha bustanini. Alikuwa amezima moto, akamwaga chungu kizima kwenye asidi inayokatisha upishi, akakimbilia tramu hata koti hakufunga vifungo. Na masaa manne hayakuwa yametimia. Hayakuwa yametimia hata kidogo.

Mbona basi ukurasa ulisema manne?

Hapo ndipo palipomuuma. Kule kiwandani, enzi zile, msimamizi wa zamu alitaka ukurasa ujazwe asubuhi, kabla moto haujawashwa, kwa sababu mpango ulikuwa mpango. Mpango ukisema masaa manne, yalikuwa manne, hata mvuke ukatike. Kiwanda kikafungwa, nchi yenyewe ikabadilika jina, lakini mkono wa Gundula haukubadilika. Kila asubuhi alinoa penseli kwa ajili ya hesabu, akachukua kalamu ya wino, akajaza ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa kulala, halafu ndipo akawasha moto. Siku zote alifanya alichoandika. Siku moja tu hakufanya, na kesho yake alisahau kurudi ukurasani, kwa sababu usiku kucha alikuwa akichota maji kibandani kwa ndoo.

Ndiyo maana aliosha chupa safi.

Saa tisa alasiri wote walikutana kwenye chumba cha kahawa, kama kila siku. Profesa Lüdicke, mkuu wa maabara, mtu mpole anayepoteza miwani huku ameivaa, alikata keki ya plamu akampa Gundula kipande kikubwa.

"Bi Hötzel, Jumanne ijayo kwenye sherehe yako ya kuagwa nataka nikope madaftari yako. Nitayapanga mezani wanafunzi wa mwaka wa kwanza wayaone. Miaka thelathini na mmoja, hakuna mstari mmoja uliokatwa! Nimeshaandika hotuba."

"Hotuba fupi, natumaini," alisema Gundula.

"Dakika ishirini."

"Maskini keki," alisema Jorinde. "Itakauka."

Watu walicheka. Gundula naye alicheka, lakini kipande chake hakukigusa. Alinyanyuka kwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa. Neno lilikuwa limefika mdomoni, akalimeza pamoja na kahawa chungu. Akajiambia: nitengeneze kwanza. Nikilitengeneza, hakuna haja ya kusema. Binti atapata picha zake, mimi nitaondoka na jina langu.

Jioni, jua lingalipo, alipanda tramu mpaka kwenye bustani za kukodi nje ya mji. Ottokar, mzee wa bustani ya jirani, alikuwa akifunika waridi kwa matawi ya msonobari.

"Jirani! Umekuja kufungua maji tena? Bado miezi mitano baridi iishe, usiwe na haraka."

"Ottokar, siku ile ya bomba ulinipigia simu saa ngapi?"

"Nilikuambia usifungue maji kabla ya Pasaka."

"Uliniambia. Saa ngapi?"

"Nikakuambia, Gundula, barafu haina adabu. Ukanijibu ati wewe unajua mabomba, umefanya kazi kiwandani."

"Ottokar, nitakutia hiyo miiba mdomoni. Saa ngapi?"

Mzee alisimama, akajipangusa magoti, akafikiri. Hakuwa na haraka hata chembe, naye Gundula alikuwa akikanyaga nyasi mahali pale pale kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nilikuwa namenya viazi," alisema mwishowe. "Redio ilimaliza habari za saa sita mchana, ikaingia hali ya hewa. Wakasema baridi itaendelea. Nikatazama nje nikaona chemchemi kwako. Basi saa sita na dakika tano, na kumi hivi. Kuna nini, polisi wanauliza?"

"Afadhali wangekuwa polisi," alisema Gundula, akageuka kuiwahi tramu ile ile iliyomleta.

Njiani alihesabu kwa vidole. Mkutano wa profesa uliisha saa nne na robo, akapima, akawasha moto kama saa tano kasorobo. Simu, kuvaa glavu, kumwaga. Dakika tisini na tano, labda. Labda themanini. Mtu aliyekimbia hakumbuki saa, hukumbuka ngazi tu.

Jumanne alipika vyungu vitatu kwa mpigo: cha dakika themanini, cha tisini na tano, na cha mia na kumi. Hakukaa chini siku nzima. Alitembea kutoka chungu hadi chungu, saa ya jikoni ikimning'inia shingoni, na kila mlango ulipolia alishtuka kama mwizi. Ukurasa wa daftari siku hiyo aliuacha mtupu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, na ule weupe ulimtazama. Chupa tatu alizifunga nyuzi shingoni badala ya kuziandika: nyekundu, nyeusi, nyeupe.

"Hizi nyuzi ni za nini?" aliuliza Jorinde Jumatano asubuhi. "Tumeanza uchawi?"

"Zijaribu tu."

"Umebadilisha kitu?"

"Nimeziosha vizuri zaidi," alisema Gundula, na masikio yakamchoma.

Jorinde alichanganya kila polima na utando wa vijidudu vyake, akatia magnesi, akaweka kwenye mashine ya kuzungusha. Wakasimama mbele ya ile mashine wakiisikiliza inavyovuma. Chupa ya uzi mwekundu ilitoka na mawingu. Ya uzi mweupe ilitoka angavu lakini haikukata kitu, protini yote imebaki chini kama matope. Ya uzi mweusi, ile ya dakika tisini na tano, ilitoka angavu kama maji ya kisima, na ndani yake ndimo ilimokuwa protini. Wakaongeza dawa ya kupima. Pampu ikiwa hai inakula chakula chake na maji yanageuka kijani.

Dakika moja hapakuwa na kitu. Dakika ya pili ikaja rangi kama ya jani changa. Ya tatu, kijani kibichi.

Jorinde alipiga ukelele uliomleta mtu wa ghorofa ya chini. "Mama Hötzel! Iko hai! Iko hai, kipumbavu hiki! Una mikono ya malaika!"

Gundula alipokea kumbatio lake huku mikono yake ya malaika ikiwa imetundikwa hewani, haijui pa kushika. Alidhani roho ingetulia sasa. Ilizidi.

Alhamisi Jorinde alifunga safari ya hadubini: sanduku la barafu, chupa ndogo, soksi za joto. Baada ya hapo akakaa kwenye kompyuta kuandika sura ya njia za kazi, akisoma kwa sauti, kama kawaida yake.

"'Polima ilipikwa kwa nyuzi sitini kwa masaa manne, kama pishi la saba.' Sawa, Mama Hötzel? Umepika hivyo hivyo, sivyo?"

Gundula alikuwa akikunja kitambaa. Akakikunjua, akakikunja.

"Oh, na huyu maskini," alisema Jorinde, akifungua barua. "Iolanda wa Porto. Unamkumbuka? Nilimpelekea picha ya ukurasa wako mwezi wa tano, naye ana protini inayotaka magnesi kama yetu. Sikia: 'Nimepika mara kumi na moja, masaa manne kama mlivyoandika, na haijakata hata mara moja. Mwalimu wangu anasema mikono yangu si ya kazi hii, nami nimeanza kumwamini. Naomba uniambie, kuna kitu kidogo ambacho hamkukiandika?' Masikini. Nitamwambia aoshe vyombo vizuri."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema; ya Gundula ilikuwa imefika mpaka Porto, na mwisho wake ulikuwa mikono ya mtoto wa watu.

"Usimwandikie hivyo," alisema.

"Kwa nini?"

"Mikono yake haina kosa. Kosa ni langu. Pishi la saba halikukaa masaa manne. Lilikaa dakika tisini na tano. Bomba langu lilipasuka, nikazima moto nikakimbia. Ukurasa nilikuwa nimeshaujaza asubuhi. Mimi hujaza asubuhi. Kofia zimekaa kwenye nusu ya shanga tu, na nusu ndiyo inayotakiwa. Ukizivalisha zote, mnyororo haukati."

Jorinde alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe.

"Ile picha ya mashine ya kupimia minyororo," alisema polepole. "Mwezi wa Machi. Ilionyesha kofia chache. Nikasema mashine ina wazimu, kwa sababu daftari lako haliwezi kukosea. Nililiamini daftari nikaacha kuiamini mashine." Sauti ikapanda. "Miezi saba, Mama Hötzel! Nimelia kwenye choo cha chini ili usinisikie! Umejua lini?"

"Jumatatu. Uliposoma tarehe."

"Leo Alhamisi."

"Leo Alhamisi."

"Ukafunga nyuzi. Ukaniambia umeosha vizuri zaidi."

"Niliona aibu, mwanangu."

"Usiniite mwanangu sasa hivi." Alichukua sanduku la barafu, akavaa koti mkono mmoja, na mlango ukagongwa nyuma yake mpaka chupa za rafuni zikaimba. Treni yake ilikuwa jioni. Hakurudi kuaga.

Gundula alifungua daftari. Katika kazi ile kosa halifutwi. Unapiga mstari mmoja, mwembamba, ili neno la zamani liendelee kusomeka; unaandika la kweli pembeni, tarehe, sahihi. Na chini yake mtu wa pili anaweka sahihi ya ushahidi. Alipiga mstari juu ya "masaa manne." Akaandika: *Dakika tisini na tano, kwa kukadiria. Nilijaza ukurasa kabla ya kazi, nikaondoka mapema.* Akaweka sahihi. Mstari wa shahidi ukabaki mtupu.

Kisha akamwendea profesa.

Lüdicke alivua miwani, akaivaa, akavua tena. "Lakini hotuba yangu, Bi Hötzel..."

"Ichane."

"Na kurasa nyingine?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. "Kwa kawaida nilifanya nilichoandika. Lakini siwezi kuapa kwa zote. Nipe mpaka Jumanne."

Basi Ijumaa, Jumamosi mpaka Jumatatu, Gundula alipitia miaka thelathini na mmoja ya mwandiko wake mwenyewe. Alisoma amesimama, kiti hakikumkalika. Mahali alipokumbuka mtoto mgonjwa, msiba, theluji iliyozuia tramu, aliweka alama ya penseli. Kurasa tisa. Si nyingi, alisema profesa kwa upole. Gundula alimjibu kwamba hata hii moja haikuwa nyingi. Na kila alipopita mezani alilifungua daftari la Machi kutazama ule mstari mtupu wa shahidi, kana kwamba ungeweza kujijaza wenyewe. Kutoka kwa Jorinde, kimya. Hakujua kama picha zimepatikana au chupa imevunjika njiani.

Jumanne chumba cha kahawa kilijaa. Palikuwa na keki ya plamu, soseji, haradali, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamebanana ukutani. Madaftari yalikuwa mezani, na lile la Machi limefunguliwa penye mstari uliokatwa. Gundula alilifungua mwenyewe. Profesa alikuwa amekwisha kuanza hotuba mpya, aliyoiandika asubuhi na ambayo haikuwa fupi, mlango ulipofunguka akaingia Jorinde na begi mgongoni, nywele timutimu. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akasoma ukurasa, akasoma tena.

"Nani ana kalamu?"

Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alimpa. Jorinde akaandika jina lake kwenye mstari wa shahidi, na tarehe.

"Lakini hukuwapo siku ile," alisema Gundula.

"Nimeona uzi mweusi ukikata. Hicho ndicho ninachokishuhudia." Akatoa karatasi begini, akaiweka kando ya keki, karibu iguse sukari. Ilikuwa picha ya kijivu, na ndani yake viduara vidogo vidogo, mamia, kila kimoja kina kitu katikati, kama kokwa ndani ya plamu. "Picha kama hii elfu sita. Profesa akiziona itabidi anywe maji kwanza. Na bado nimekasirika, Mama Hötzel. Nitakasirika mpaka Krismasi, nimeshapanga."

"Kasirika, mwanangu. Ni haki yako."

"Na keki usinikatie. Nitakata mwenyewe." Akakata, kipande kikubwa, akala amesimama kando yake, bega kwa bega. "Iolanda nimempelekea ukurasa," alisema mdomo umejaa. "Pamoja na mstari uliokatwa. Ameshaweka chungu motoni. Amezima simu ili asiitwe na bomba la mtu."

"Ameweka saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi, saa zetu."

Gundula akatazama ukutani. Saa tisa na dakika ishirini: dakika sabini zimekwisha. Profesa alikuwa akieleza namna vyombo vya zamani vilivyosafishwa na fundi mwenye mikono mizuri, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Gundula hakusikia neno. Alishika sahani, akaiweka. Alibadilisha mguu. Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini. Jorinde naye alikuwa ameacha kutafuna, macho juu ya mshale ule ule.

Saa kumi kasorobo, katikati ya hotuba ya kumuaga yeye mwenyewe, Gundula Hötzel aliinua mkono na kusema kwa sauti iliyosikika chumba kizima:

"Zima sasa, binti! Mwaga!"